Chupa Mbili za Selemani

Kwa miaka sita nilimchoma mdogo wangu sindano ya dawa ambayo mimi mwenyewe niliihitaji. Nilimchoma vizuri. Sikumpasua mshipa, sikumwingiza hewa, na kila mara niliandika daftarini siku, saa, kiungo kilichovimba na namba ya chupa. Niliandika kweli tupu, isipokuwa mara moja. Haya nayaandika kwa ajili ya watu ambao damu yao haigandi kama ya wenzao, na kwa wanaoishi nao nyumba moja, kwa sababu sisi tulipokuwa tunahangaika hatukuwa na mtu wa kutuambia lolote. Ya kidaktari namwachia daktari. Mimi ni fundi saa wa Temeke. Nitasema niliyoyaona na nilichokifanya.

Mama yetu alikuwa na kaka wawili waliokufa wadogo. Mmoja alikufa kwa kung'olewa jino, mwingine kwa jambo ambalo bibi hakutaka kulisema. Hakuna aliyeziunganisha habari hizo mbili mpaka ilipofika zamu yangu ya jando. Tulipelekwa porini, mbele ya Gongo la Mboto, watoto kumi na mmoja. Wenzangu kumi walipona, wakaanza kuimba. Mimi nilitoka damu siku tatu, ikakoma, ikaanza tena. Ngariba aliweka majani, akaweka majivu, kisha akasema kuna mtu nyumbani kwetu amevunja mwiko. Siku ya kumi baba hakusubiri tena. Alinibeba mgongoni hadi barabara ya Pugu, akasimamisha lori la mkaa, tukaenda mjini nimelazwa juu ya magunia.

Nakumbuka benchi la hospitali kuliko ninavyomkumbuka daktari. Lilikuwa la mbao, refu, limelainishwa na makalio ya watu, na kila aliyeitwa akiondoka sisi tuliobaki tulisogea kidogo. Baba alitoa damu yake, nikatiwa. Daktari akaeleza kwamba ugonjwa huu hupitia kwa mama na kuwashika watoto wa kiume. Baba alinyamaza, lakini ndugu zake hawakunyamaza. Walisema damu hii haikutoka kwao, na waliyasema hayo kwenye kila msiba na kila arusi, mama akiwa papo hapo anakuna nazi.

Selemani alizaliwa mwaka uliofuata. Alizaliwa akiwa anajulikana. Alipofikia umri wa kutahiriwa alipelekwa hospitali, damu ikiwa imeandaliwa, akatoka baada ya wiki na kanzu mpya. Nilianguka ngazini, yeye akakatazwa ngazi. Nilijikata kwa panga nikimenya muhogo, basi panga zikafichwa. Kila nilipoumia mimi, yeye alikingwa. Goti langu la kushoto lilivimba mara nyingi hata nikiwa na miaka ishirini lilikuwa kama bawaba yenye kutu, halikunji wala halinyooki. Magoti yake yalikuwa manyoofu. Nilimwonea wivu hata kwa yale makaripio, maana mimi sikukaripiwa, nilililiwa tu.

Siku za kuvimba zilikuwa za kulala chali, mguu juu ya mto wa sufi, kitambaa cha maji kikibadilishwa kila kinapopata joto. Hapo ndipo nilipojifunza kusoma, kwa magazeti yaliyofungia dagaa. Hapo pia ndipo nilipofungua saa ya mezani ya baba iliyokufa, nikaizamia wiki mbili mpaka ikafufuka. Baada ya Uhuru nilipata meza yangu barazani, na jioni nikafundisha darasa la kisomo cha watu wazima, kwa kuwa mwalimu wa kukaa alikuwa anatosha. Selemani alisoma shule hadi mwisho. Akawa karani wa kuhesabu mizigo huko Kurasini: kazi ya kutwa nzima kusimama na karatasi, kasha linashuka, anasoma namba, anatia alama.

Kuna kosa moja la wakati ule ambalo bado naliona likifanyika. Watu wetu wanaamini sindano ni ile ya kwenye tako. Nilipopata homa, mganga wa zahanati alinichoma huko, na nilimwacha, sikujua. Tako na paja vilijaa damu kwa ndani, nikalala mwezi mzima. Mwenye damu kama yetu hachomwi kwenye nyama. Huchomwa mshipani, au hupewa dawa ya kumeza, na aspirini haiwekwi hata mdomoni, hata kama goti linamliza. Mwambie kila anayeshika sindano kabla hujalala kitandani mwake.

Kisha kampuni aliyoifanyia kazi ikampeleka Selemani Ulaya miezi minane, kujifunza kazi ya bandari. Mwezi wa pili aliteleza kwenye barafu. Barua yake ilinifikia mezani kwangu. Aliandika, "Kaka, kumbe dawa ipo." Aliandika kwamba walimpa unga mweupe uliokorogwa kwa maji, ukapitishwa mshipani, na kesho yake alitembea. Niliisoma mara tatu. Nilipaswa kusema alhamdulillahi. Nilichosema moyoni ni: kwa nini yeye.

Alirudi na masanduku mawili. Moja lilikuwa na zawadi: kitambaa cha mama, redio, na mimi aliniletea lenzi ya kuvaa jichoni, nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona. La pili lilikuwa la chupa kumi na mbili za dawa, maji yake, na mabomba ya sindano ya kutumia mara moja na kutupa. Ile hospitali ya kule ilikubali kumtumia sanduku jingine kila baada ya miezi kadhaa, kwa mkono wa ofisa wa meli.

Tulikwenda wote wawili hospitali kuu. Daktari alitupima, akakuta tunakosa kitu kilekile katika damu. Nikauliza, basi na mimi je. Hakunificha. Sanduku lina jina la mtu mmoja, alisema, na dawa ni chache. Viungo vya mdogo wako bado vizima, vinaweza kulindwa, goti lako la kushoto limeshakwenda na la kulia utalilinda kwa uangalifu. Nilimwelewa. Hata mimi humwambia mteja kwamba saa hii inastahili springi mpya na hii haistahili. Ila sikuwahi kufikiria saa isiyostahili inasikiaje.

Jioni ile, mbele ya mama na majirani waliokuja kumlaki, Selemani alisema kwa moyo mweupe, "Kaka akizidiwa tutampa."

"Mie siku zangu nazimudu," nikajibu.

Lile neno akizidiwa liliniuma kuliko goti. Tangu siku ile, kila kiungo changu kilipoanza, nilijifungia ndani na kitambaa changu cha maji, nikamwambia mama aseme nimeenda Ilala kununua vipuri. Hakuna aliyeninyima dawa. Nilijinyima mwenyewe ili nipate kusema nimenyimwa.

Selemani hakuweza kuiona sindano. Alikuwa mtu wa kuruka magogo na kutania mabaharia, lakini akiona ncha ile alilegea. Muuguzi wa kliniki, Sista Faustina, Mnyamwezi wa Tabora, alitazama mikono yetu, akanichagua mimi. Alinifundisha Jumatano nne, kwanza kwa chungwa, kisha kwa mkono wake mwenyewe.

Chupa ya kwanza niliiharibu. Nilikuwa nimewaona waganga wa zahanati wakitikisa penisilini kwa nguvu mpaka iyeyuke, nami nikatikisa. Ilijaa povu kama sabuni ya kufulia.

"Nyie Wazaramo mkiona chupa mnadhani ni togwa," Sista akasema.

"Na nyie Wanyamwezi mngeibeba kichwani mpaka Tabora," nikamjibu.

"Ingefika nzima lakini. Hii ya kwako imekufa. Imwage."

Alicheka, kisha akanionyesha upya. Osha mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Iache chupa ya dawa na ya maji zitoke ubaridi, lakini usizipashe motoni. Futa vifuniko kwa spiriti, uache vikauke. Maji yateremke taratibu kwenye ukuta wa chupa, yasiupige unga. Kisha izungushe katikati ya viganja kama unayempasha mtoto mikono, mpaka iwe angavu. Ukiona punje au ukungu, usitumie. Ikishachanganywa ina saa tatu tu; hairudi kwenye friji, haiwekwi akiba. Mshipani iingie polepole, ukimtazama usoni. Akiwashwa, akitoka vipele, akikosa pumzi, acha hapohapo, mpeleke hospitali. Ukitoa sindano kandamiza pamba kwa dakika tano za saa, si dakika tano za kukisia. Kiasi cha chupa hupangwa na daktari kwa uzito wa mtu na kwa kiungo, hakipangwi na huruma wala ubahili. Na la kwanza kuliko yote: usisubiri uvimbe. Mwenye ugonjwa huujua mtekenyo na joto la kuanzia kabla macho hayajaona kitu. Huo ndio wakati.

Makosa mengine tuliyafanya nyumbani. Hatukuwa na friji, na mama akazifukia chupa kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi wa maji, mahali pa baridi kuliko pote ndani ya nyumba yetu. Baada ya wiki mbili karatasi zake zilikuwa zimeoza, hatujui namba wala mwisho wa matumizi. Chupa tatu zilitupwa. Tangu hapo zilikaa kwa jirani yetu Bi Zena, aliyeuza barafu za ubuyu, kwenye rafu ya chini, mbali na sehemu ya kugandisha. Na mimi, fundi, niliona sindano zilizotumika zinafaa sana kutilia mafuta saa, nikaanza kuziweka mezani. Sista alipoziona hakunitania. Alisema sindano iliyokwishaonja damu haina kazi ya pili duniani. Zikawa zinaingia kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko, likijaa linashushwa chooni.

Daftari nililianzisha mwenyewe. Sanduku la pili lilipokwisha, macho ya Selemani yaligeuka manjano na chakula kikamshinda. Daktari akauliza namba za chupa, nami nikafungua ukurasa. Aliandika barua kule zilikotoka, na siku ile alinishika bega. Nilifurahia mkono ule begani mwezi mzima. Ilikuwa ni mali yangu peke yangu katika ugonjwa huu: dawa ni yake, daftari ni langu.

Sasa nifike kwenye masika ya mwaka ule wa njaa, tulipokula unga wa njano wa msaada. Asubuhi ya Jumamosi nilikuwa nimetoka kulala siku nne kwa goti la kulia, lile jema, lile pekee nililobaki nalo. Lilikuwa limepoa kwa maji na dua. Mchana, gari la kampuni likasimama nje. Makarani wawili wakamshusha Selemani, mmoja kila upande, yeye katikati anacheka, matope mpaka kiunoni.

Nilimuuliza kama amecheza mpira.

"Dakika kumi tu, kaka. Golikipa wetu hakutokea." Akajiweka mkekani. "Nimedaka penati. Muulize huyu. Nimeidaka, mpira haukunitoka."

Mama akamgombeza, lakini alikuwa anatabasamu. Mimi sijawahi kupiga mpira teke hata mmoja katika maisha yangu, wala wa matambara. Nilimtazama mtu anayetumia kwa mchezo kitu ambacho mimi ningekitumia kwenda msikitini kwa miguu yangu. Nikaenda kwa Bi Zena. Goti, alivyopanga daktari, lilikuwa ni chupa mbili. Nilichukua mbili.

Selemani alikuwa na desturi ya kujifunika uso kwa khanga ya mama ninapomchoma. Alijifunika, na chini ya khanga akaendelea kusimulia ile penati: mpigaji alirudi nyuma hatua ngapi, alitazama wapi. Nilinawa. Nilifuta vifuniko. Niliichanganya chupa moja. Ya pili niliitia mfuko wa shati. Kisha niliongeza maji matupu ya akiba katika bomba lilelile, ili lijae kama lijaavyo siku zote, nikamchoma polepole, nikakandamiza dakika tano kwa saa yangu.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari."

"Mkono wako mwepesi, kaka. Sista mwenyewe hakufikii."

Daftarini niliandika namba zote mbili.

Sitajitetea. Nilijiambia kwamba ile ni akiba ya goti langu la kulia, kwamba yeye ni kijana na moja itamtosha. Hayo niliyatunga baadaye. Wakati nafanya sikuwaza kitu, nilisikia tu sauti yake chini ya khanga.

Kesho yake goti lake lilikuwa kama papai, ngozi inang'aa. Nilimchoma chupa mbili za kweli, na keshokutwa mbili nyingine. Damu ilikoma, lakini ilikuwa imeshajaa ndani, na tunaougua haya tunajua kwamba damu iliyokaa kwenye kiungo hukila. Wiki ya tatu tulikwenda hospitali, yeye kwa magongo, mimi na daftari kwapani.

Daktari alisoma mistari ile mara mbili. Akaniuliza kama nina hakika zilikuwa chupa mbili, na ndani ya saa moja tangu aumie. Nikasema ndiyo. Akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba baadhi ya watu, baada ya kutumia dawa hii miaka kadhaa, mwili wao huanza kuikataa, na ukiendelea kuwapa unauzidishia ukaidi. Kipimo chake hakipo hapa nchini. Atachukua damu, itakwenda na meli, majibu huenda yakachukua miezi. Mpaka hapo Selemani asiguse dawa. Na chupa tano zilizobaki, kwa kuwa zina mwisho wake na ndugu wawili wana upungufu mmoja, zitumiwe na mkubwa akipatwa.

Hivyo ndivyo nilivyopewa nilichokitamani miaka yote. Kwa amri ya daktari, kwa maandishi, mbele ya shahidi.

Selemani akasema, "Afadhali zimfae kaka kuliko zife kwenye friji."

Tulitoka tukakaa kwenye benchi kusubiri kutolewa damu. Sista Faustina alipita na sinia lake, akasimama. "Fundi, mbona hufurahi?" Nikamwambia nina njaa. Alinitazama kidogo zaidi ya ilivyolazimu, akaenda.

Mwezi wa saba, upepo wa kipupwe, kiwiko cha Selemani kilianza chenyewe, bila mpira, bila kuanguka. Hakukuwa na sindano. Alilala chali kama nilivyolala mimi utotoni, mkono juu ya mto wa sufi, mama akibadilisha kitambaa. Niliingia chumbani kumwona kila siku baada ya kazi. Siku ya tatu, midomo imemkauka kwa maumivu, aliniuliza, "Kaka, ulikuwa unavumiliaje?"

Nakiri nilichokisikia kwanza hakikuwa huruma. Nilisikia kuridhika, kwamba sasa anajua. Cha pili kilikuwa ni wivu palepale, kwa sababu mama alikuwa amekaa naye kutwa nzima, na mimi nilipokuwa mtoto alikuwa na shamba la kwenda. Huruma ilikuja ya tatu, nayo ilikuja na ile chupa. Ilikuwa kwa Bi Zena, nyuma ya zile tano, nimeifunga kwa gazeti. Chupa ya sita katika hesabu ya tano.

Nilipanga kumwambia. Nilipanga Ijumaa tatu.

Kisha likaja goti langu la kulia. Asubuhi, niko mezani, mtekenyo ule, joto lile. Kwa mara ya kwanza maishani sikujificha. Nilifunga meza, nikachukua chupa mbili kwa Bi Zena, nikaketi mkekani. Selemani alikuwa nyumbani siku ile. Alikuja akijikongoja, akasema mtu hawezi kujichoma na kuandika kwa wakati mmoja, akachukua daftari na kalamu, akaketi mbele yangu.

Chupa niliyoianza ni ile ya gazeti. Nilitaka iishe, isibaki mahali popote. Niliichanganya, nikaizungusha viganjani, ikawa angavu.

"Nipe namba," Selemani akasema.

Ningeweza kusoma namba ya chupa nyingine iliyokuwa pembeni. Yeye hakuwa anaiona karatasi. Nilisoma ile ya kweli, tarakimu moja moja.

Aliandika. Halafu kalamu ikasimama. Kwa miaka kumi na miwili kazi ya mtu huyu ilikuwa ni kujua kasha lililoshuka mara mbili. Akarudisha kurasa nyuma, taratibu, mpaka masika. Akaweka kidole.

"Hii ilishatumika, kaka. Ni siku yangu ya penati."

"Haikutumika."

Nje Bi Zena alikuwa anapigania bei na watoto. Selemani alinitazama, akatazama goti lake lisilonyooka, akanitazama tena. Niliona inavyomfikia: goti lile, daktari, kiwiko, siku zile tatu. Nilisubiri anitukane. Nilitamani anitukane.

"Ishachanganywa?" akauliza.

"Ishachanganywa."

"Basi choma. Ikikaa inaharibika."

"Sele."

"Choma, kaka. Saa tatu tu ina."

Nilifunga mpira mkononi kwa meno. Nikakosa, nikakosa tena, nikaingia. Dawa ilikuwa baridi mshipani, nikaisikia ikipanda mpaka begani. Hakugeuza uso. Mtu ambaye hakuwahi kuiona sindano ikiingia aliitazama hii tangu mwanzo hadi mwisho. Chupa ya pili pia aliitazama.

Nilipomaliza kukandamiza alinisogezea daftari. Alisema kule bandarini mtu akikosea hafuti. Anakata mstari mmoja, lile kosa liendelee kusomeka, anaandika lililo sahihi juu yake, anasaini pembeni. Nikakata. Nikaandika moja. Nikasaini. Akalifunga, akalitia kwapani, na kesho yake alipanda basi peke yake na gongo lake kwenda hospitali.

Kwa daktari alisema kaka alikosea hesabu. Nilipoitwa, nikasema sikukosea. Daktari alinisemesha maneno machache ambayo nilistahili, na Sista Faustina hakunitania kwa muda mrefu. Dawa ilirudishwa kwa Selemani, na majibu yalipofika na meli yalisema mwili wake haukuwa umekataa chochote. Goti lake lilibaki pungufu ya kunyooka, vidole viwili hivi. Mama naye aliambiwa nilikosea hesabu. Hakuuliza kitu. Mama hajawahi kuniona nikikosea hesabu.

Daktari aliandika barua kuomba sanduku la majina mawili. Ilichukua mwaka na zaidi, na chupa zilikuja chache kuliko tulizozizoea, lakini majina yalikuwa mawili. Goti langu la kulia linakunjika mpaka leo. Naswali nikisujudu kwa upande mmoja.

Ukiwa na ndugu mwenye ugonjwa kama wako, na dawa ni ya mmoja, msiache mtu mmoja ashike sindano, friji na daftari peke yake, hata akiwa na mkono mwepesi. Mmoja achome, mwingine asome namba kwa sauti. Na wewe unayeona wivu, useme mapema, ukiwa bado unatekenya. Mimi niliuficha ndani mpaka ukavimba, na hao waliokuwa karibu nami ndio walioumia.

Mwezi mmoja baada ya siku ile ya daftari, Selemani alimwomba Sista Faustina amfundishe kujichoma mwenyewe. Aliniambia niende naye, kwa sababu watu wawili walihitajika kwenye chumba, na mimi ndiye niliyeijua mishipa yake. Nilikaa kwenye kiti pembeni. Alifunga mpira, akapapasa mshipa wa mkono wa kushoto, ule mzuri unaojitokeza chini ya kiwiko, ambao mimi niliujua kuliko alivyoujua yeye. Uso ulikuwa umemjaa jasho. Sindano ya kwanza ilipita pembeni. Nilijua ni kwa nini: aliilaza mno. Sista alinitazama, nikakaa kimya. Ya pili ilipita pembeni tena, na damu ikachuruzika mpaka kwenye kidole gumba. Mikono yangu ilikuwa magotini, imejua la kufanya, inawasha kwa kutaka kuifanya kazi ile. Hakuniomba.

Ya tatu ikaingia. Alisukuma polepole, akikodoa macho, na alipomaliza alikandamiza pamba akahesabu dakika tano kwa saa yake mwenyewe. Kisha akavuta daftari upande wake wa meza, akaandika.